Mito ya Kave

Nyumba yetu ya kazi pale Kindu, aliyopewa baba kwa kuwa karani wa reli, ilikuwa na kave, chumba cha chini ya ardhi ambamo Wabelgiji waliweka divai yao. Walituachia ukungu, mende na chupa tupu. Baba naye kila akitoka kazini alipitia baa kwanza. Mama akaamua: kama sebule ya juu, na joto lake, haimrudishi mume wake nyumbani, kave itamrudisha.

Tulisugua kuta wiki nzima, mama, mimi na wadogo zangu. Tukapaka chokaa, kisha rangi za njano na kijani zilizobaki kwenye karakana ya mabehewa, na mstari mwekundu niliouchora mimi ukaenda upogo. Ikabaki mito ya kukalia. Kitenge kilikuwa ghali, ila mama alikuwa na kimoja alichogawiwa bure na Chama avae kwenye gwaride, kimejaa sura ya Rais. Akakikata. Akashona mito minne, sura ikae chini, upande wa juu akaweka gunia.

"Huku chini nani ataona?" alisema.

Na baba akarudi. Miezi miwili mizima alitoka kazini moja kwa moja, akala karanga nasi, akacheza dama na mama, akishindwa analalamika kwamba ameibiwa. Sijamwona mama akicheka vile, kabla wala baada.

Jumapili moja mkuu wa Chama wa mtaa wetu, aliyesikia sifa za kave, akaja kuiona. Mimi, binti mkubwa, miaka kumi na miwili na kujiona kwingi, niliona aibu ya lile gunia. Nikatangulia chini mbio, nikageuza mito yote.

Mgeni aliinama akae, akasimama tena. "Sitwayeni," akamwita mama kwa neno la Chama la kuitana raia, "hii njo sura ya nani munakalia?"

Mama aliitazama mito, kisha akanitazama mimi. "Njo mimi niliweka vile, sitwayeni. Nilikosa."

Aliyelala kasho, yaani mahabusu, siku tisa ni baba, kwa sababu eti mke hakosi bila mume. Alipotoka, nyumba ilikuwa imepewa shemeji wa yule mkuu. Ajabu sana, sivyo? Sisi tukapata vyumba viwili vya udongo mwisho wa mji.

Baba akarudia baa yake. Akifika nyumbani alikuwa na maneno yaleyale: "Mwanamuke bila akili, ulitupotezea nyumba." Nimeyasikia miaka ishirini. Mara moja nilifungua mdomo nimwambie. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, nami, mwoga nilivyo, nikashukuru.

Siku tulipomzika baba, tuliporudi kutoka makaburini, nilimwambia mama kwamba sasa nitasema ukweli mbele ya ukoo wote. Alikuwa anavua viatu.

"Sasa njo utasema?" akaniuliza. "Utaambia nani?"