Daftari la Makosa ya Pete Iliyozama

Kiwandani kwa wachapaji walimwita Bwana Jicho, na jina hilo alilipokea kama mtu aliyevishwa nishani. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, na fomu za kuombea fomu nyingine. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja husoma mswada kwa sauti, mwingine hufuatilia kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi. Anayesoma haangalii prufu, na anayeangalia hafungui mdomo. Akiona kosa huguna tu, msomaji akasimama. Bwana Jicho alikuwa mwangaliaji, na kwa kuguna hakuwa na mpinzani.

Alipostaafu hakuweka kalamu chini. Mwenye duka la dawa aliamka asubuhi moja akakuta tangazo lake la mlangoni limejaa wino mwekundu. Mjukuu wake yeye Bwana Jicho alipohitimu, kadi ya mwaliko ilirudi shuleni na masahihisho manne, mojawapo likiwa nukta iliyokosekana, na Bwana Jicho mwenyewe hakwenda kwenye mahafali yale, akidai hawezi kukaa mahali penye kadi kama ile. Watu walimstahi, maana ni rahisi kumstahi mtu kuliko kumzoea. Mkewe ndiye aliyelazimika kumzoea.

Mwaka ule ule aliostaafu, televisheni ilianza kuonyesha tamthilia iliyoitwa Pete Iliyozama. Ilianza na msichana aliyeachwa siku ya ndoa yake, akaitupa pete ziwani, na kwa kuwa watazamaji hawakushika jina lake, wakamwita Bibi Harusi. Miaka kumi na miwili ikapita, akaolewa mara tatu, akafungwa jela, akapofuka, akapona, akarithi kiwanda cha saruji, na bado watu walimwita Bibi Harusi. Aliyemwacha alikuwa Daktari, mwanamume mwenye kovu shavuni, aliyepoteza kumbukumbu mara nne na kila alipozipata alijikuta ameoa mtu mwingine. Nyuma ya mabaya yote alikuwa Mama Mkwe, aliyewalisha watu sumu kwa utulivu wa mtu anayemwagilia maua.

Kila siku ya kipindi, saa kumi na mbili jioni kasoro dakika tano, Bwana Jicho alitoa tamko.

"Mama watoto, upuuzi wako unaanza."

Akishasema hivyo hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha nyuma ya kochi, eti hapo ndipo taa inapomulika vizuri, akafungua gazeti. Mara nyingine lilikuwa gazeti la juzi. Ukurasa haukugeuzwa tangu muziki wa mwanzo hadi wa mwisho, na juu ya ukingo wake yalichungulia macho mawili makavu, yasiyopepesa. Alikuwa amejitia hamnazo miaka kumi na miwili, na aliamini hakuna anayejua.

Siri yake kubwa ilikaa kwenye droo ya hati za pensheni. Ni daftari la kurasa mia mbili, na ndani yake, kwa wino mwekundu, yamo makosa yote ya Pete Iliyozama, yakiwa na namba na tarehe. Kosa la ishirini na tisa: kovu la Daktari limehama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Kosa la mia na nne: Bibi Harusi ana mimba ya miezi kumi na saba. Kosa la mia mbili na sita: wakili amezeeka, mdogo wake amekuwa kijana zaidi. Alijiambia kwamba siku moja atawapelekea wenye tamthilia, waone haya. Ukweli ni kwamba aliipenda kama chai, na angekufa kabla ya kukiri. Wakwe zake wawili, waume wa binti zake, aliwahi kuwakalisha chini saa nzima akiwaeleza kuwa mwanamume anayefuatilia tamthilia amekwisha. Sasa arudi kwao na uso gani?

Mwezi mmoja kabla ya sehemu ya mwisho, binti yao mkubwa alikuja kuwasalimia, akamwona mama yake akimimina chai pembeni ya kikombe. Kesho yake alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena amekomaa. Siku ya upasuaji Bwana Jicho naye alikwenda. Mganga alipokuwa akieleza hali ya mgonjwa, yeye alikuwa amesimama ukutani akisoma tangazo la saa za kuona wagonjwa, akakuta makosa matatu, akamwonyesha muuguzi kwa kidole. Mganga alimaliza kueleza. Mama akatoka na bandeji jicho la kulia. La kushoto, lenye ukungu wake, lingengoja mwezi ujao. Binti akarudi kazini kwake, na kesho yake ikawa siku ya sehemu ya elfu mbili mia tisa na kumi na nne, ya mwisho.

"Mzee," mkewe akasema kutoka kwenye kochi, "leo utanisimulia."

"Nikusimulie nini? Mimi hao watu siwajui."

"Wewe sema unachokiona. Majina nitayaweka mwenyewe."

Bwana Jicho akakunja gazeti polepole. Angekataa, angemwacha mgonjwa gizani siku ya mwisho, na yeye mwenyewe angelazimika kutoka sebuleni ili kuonyesha msimamo. Hilo la pili ndilo lililomshinda. Akaja mbele, akakaa kwenye kochi, mahali ambapo hakuwahi kukaa saa hiyo tangu wanunue televisheni.

"Kuna mwanamke kasimama mlangoni," akaanza, kwa sauti ya shahidi anayeogopa kuulizwa maswali.

"Mwanamke gani?"

"Mwanamke tu. Mtu mzima. Kavaa mkufu."

"Mkufu gani?"

"Ule wa lulu, aliomwibia marehemu dada yake."

Bwana Jicho akajikohoza.

"Nadhani," akaongeza.

"Basi atakuwa Mama Mkwe," mkewe akasema kwa upole mno. "Endelea, baba watoto."

Akaendelea. Mama Mkwe aliyechoma nyumba, aliyewalisha sumu waume wawili na kuuza mtoto mchanga, alipiga magoti, akalia, akasamehewa, yote kati ya tangazo moja la sabuni na jingine. Bwana Jicho alisimulia kwa meno yaliyobana. Kisha mlango ukafunguliwa tena, na sauti yake ikapanda yenyewe.

"Huyu anatoka wapi? Kaingia na keki. Mama watoto, pacha wa Bibi Harusi kaingia na keki."

"Si alikufa?"

"Alikufa. Tulimzika mwaka wa tano, jeneza wazi, mvua inanyesha, na wewe ulilia."

"Tulimzika?"

"Mlimzika," akasema Bwana Jicho, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye alikuwa amejipatia karibu elfu tatu.

Pigo la mwisho lilikuwa pete. Kwa ajili ya pete ile wazamiaji wawili walikufa ziwani, na Bibi Harusi aliuza figo. Sasa Daktari alitia mkono kwenye koti lake kuukuu, akaitoa mfukoni, akacheka. Ilikuwamo humo siku zote. Iliyotupwa ziwani ilikuwa nyingine. Wote wakakata keki. Muziki ukapigwa.

Bwana Jicho alisimama, akaenda chumbani, akarudi na daftari mkononi bila kujua anafanya nini. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaandika, akitamka kila neno kwa sauti kana kwamba mahakama inasikiliza. Kosa la mia tatu na kumi: maiti kaleta keki. Mia tatu na kumi na moja: mwuaji kasamehewa bila hata kuulizwa. Mia tatu na kumi na mbili: pete. Aliandika pete tu, akapiga mstari mara mbili. Alihisi ameibiwa miaka kumi na miwili, tena na watu wanaocheka.

Mkewe alikuwa anacheka pia, taratibu, mkono juu ya bandeji ili isitikisike.

"Na Bibi Harusi, leo kasukaje nywele?" akauliza.

"Hakusuka, kaziachia tu, na weupe wake ule ule. Si zimekuwa nyeupe tangu ule moto? Miaka miwili sasa, unajua."

"Sijui. Sikuziona."

"Hukuziona vipi? Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilikuwa nimekaa. Ule moto niliuona kama taa nyuma ya pazia. Baada ya hapo sikuona tena kitu kwenye hicho kioo. Watu wote walikuwa vivuli."

"Lakini hukukosa hata siku moja."

"Nilisikiliza. Na pale wanaponyamaza, nilikusikiliza wewe." Akaanza kuhesabu kwa vidole, hana haraka. "Mama Mkwe akiingia, unaguna mara mbili. Daktari, unapumua kwa pua. Bibi Harusi, gazeti linashuka, nasikia karatasi. Siku ile ya kufungwa jela uliguna mpaka nikajua ni kifungo cha maisha."

Bwana Jicho akakaa. Aliona aibu, lakini si ile aliyoiogopa miaka yote. Ile ya kujificha nyuma ya gazeti ilikuwa imepita juu ya kichwa chake kama haimhusu.

"Miaka miwili," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umeona."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililouma.

"Nilisema moyoni, mtu aliyeona nukta imekosekana kwenye kadi ya mtoto, hili halitampita. Atakuwa anatafuta namna ya kuanza. Nikangoja. Baadaye nikaona aibu kukukumbusha."

Mambo ya miaka hiyo miwili yakamjia mbio, moja moja, kama prufu zinavyotoka mashineni. Chumvi kwenye chai: aliguna. Vitambaa vya mezani vilivyotandikwa upande wa ndani: aliguna, akavigeuza mwenyewe. Siku mkewe alipotoka kwenda kwa binti yao na kandambili mbili tofauti, alimcheka mpaka getini, akamwambia uzee umemwahi. Picha ya mjukuu aliyoishika mbali, kisha karibu, kisha akaiweka mezani bila kusema kitu. Yote aliyaona, hata tarehe angeweza kutaja. Hakuna hata moja lililomfanya amuulize mkewe, una nini? Nyani haoni kundule, wenzake kiwandani walikuwa wakimsema kisogoni, naye alikuwa akidhani wanamsema mwingine.

Televisheni ilikuwa imeanza kuonyesha kipindi cha kuchimba visima. Mkewe akapapasa kochi, mkono wake ukagusa daftari.

"Nisomee," akasema.

"Makosa haya? Ni upuuzi."

"Leo wewe ndiye msomaji. Soma."

Akasoma. Alianzia kosa la kwanza, bila mbwembwe, kama alivyokuwa akisomewa yeye miaka ile. Kovu, mimba, wakili, mbwa aliyebadilika rangi, barua iliyosomwa kabla haijaandikwa. Mkewe alicheka mengine, mengine akayakataa. Chai ikapoa. Alipofika mia tatu na kumi na mbili, akafunga daftari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna jingine?"

Bwana Jicho akafungua daftari tena. Akaandika namba, mia tatu na kumi na tatu, akaweka nukta. Kalamu ikasimama hapo. Mtu aliyesahihisha maneno ya watu wote hakupata hata moja la kwake. Akamtazama mkewe, bandeji upande mmoja na ukungu upande wa pili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama ukurasa wowote. Kisha akaguna, mara moja, mguno wa kiwandani.

"Hilo nimelisikia," mkewe akasema.