Kikopo cha Brynn

Katika shule ile ya mjini Duluth, yenye wanafunzi thelathini na wawili waliokuwa wakijitoa kwenye pombe na dawa za kulevya, kazi ya Marlys Tveit ilikuwa kuwatazama wasichana wakikojoa. Kwenye karatasi ya ajira kazi hiyo ilikuwa na jina refu, lakini Marlys aliacha shule darasa la tisa na hakuwahi kulisoma jina lile hadi mwisho. Alijua kinachotakiwa. Jumatatu na Alhamisi majina huchomolewa kwa kura. Msichana huja amenuna, hupewa kikopo, na Marlys husimama naye chooni hadi kikopo kipate cha kupata. Kisha hukagua kibandiko cha joto kilichoko ubavuni, maana mkojo wa kuazima, uliofichwa kwenye sidiria tangu asubuhi, hauna joto la mtu. Mwisho hutia sahihi kwamba ameona kwa macho yake mwenyewe.

Wanafunzi walimwita Macho. Hilo halikumsumbua. Alikwisha kuitwa mwizi na watu waliokuwa wakila keki alizooka yeye.

Miaka kumi na tisa alifua mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Siku moja vidonge vya maumivu vya mzee wa chumba cha pembeni vikapotea, na kidole kikaelekezwa kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyeingia kuchukua mashuka, na kwa sababu neno la dobi haliwezi kushindana na neno la muuguzi. Marlys alimwambia msimamizi, "Nipeni kikopo. Nitakojoa sasa hivi, mbele ya yeyote mnayemtaka." Msimamizi akasema hakuna haja ya kukuza mambo, aondoke tu kwa amani. Mwaka uliofuata muuguzi, mpwa wa msimamizi huyo huyo, alikutwa amelala kwenye usukani wa gari lake, vidonge vya wazee vimejaa mfukoni. Hakuna aliyempigia Marlys simu. Kanisani bado walimpa mkono kila Jumapili, naye akaupokea kwa vidole viwili.

Ndiyo maana kikopo alikiheshimu. Watu wana midomo na wana jamaa zao. Kikopo hakina mpwa.

Alhamisi moja ya Februari, theluji imefika madirishani, kura ilimwangukia Brynn Oachs. Alikuwa na miaka kumi na sita, na asubuhi ile kwenye duara la kuhesabu siku alisema ni siku yake ya mia mbili na tatu tangu aache vidonge. Walimu walimwamini, na Marlys pia alimwamini, ingawa kazi yake haikuwa kuamini. Shida ya Brynn ilikuwa moja: mtu akimtazama, mwili unajifunga. Kwa nini unajifunga hakusema, na Marlys hakuuliza. Kanuni ilitoa muda wa saa tatu na vikombe vitano vya maji, visizidi, kwa sababu mkojo uliozimuliwa haupokelewi. Muda ukiisha kikopo kikiwa kitupu, huandikwa kwamba mwanafunzi amekataa. Brynn alikuwa amekwisha kuandikiwa mara mbili. Ya tatu ilimaanisha kupoteza nafasi, na nafasi zilikuwa na foleni. Angerudi kwenye shule yake ya zamani kule Cloquet, ambako binamu aliyekuwa akimuuzia vidonge alikaa dawati la nyuma yake.

Alipewa kikopo saa tatu asubuhi. Saa tano walikuwa bado wamekaa kwenye viti viwili vya plastiki nje ya choo, baada ya kuingia na kutoka mara nne.

"Kikombe cha nne hicho," Marlys alisema. "Kinywe polepole."

"Nimejaa hadi shingoni, Bi Marlys. Nikitikiswa nitamwagika."

"Basi twende umwagike."

"Siwezi ukiniangalia."

Msichana mwingine akapita na vitabu vyake. "Brynn, fikiria ziwa. Ziwa lote hilo hapo nje, na linatiririka."

"Limeganda, mjinga wewe. Ni Februari."

Saa tano na nusu akaja mkuu wa shule, Bwana Kessel, mtu mwema ambaye hakupenda mtoto yeyote aondoke mikononi mwake. Alimvuta Marlys pembeni, karibu na mashine ya soda.

"Marlys, sisi sote tunajua huyu binti ni safi."

"Tunajua, ndiyo."

"Sasa je, ukigeukia ukuta dakika moja tu, nani atadhurika? Tusikuze mambo."

Marlys alimtazama sana. Maneno yale aliwahi kuyasikia, na mdomo ulioyasema nao ulikuwa wa mtu mpole.

"Nitageuka," akasema. "Wewe andika kwenye fomu kwamba umeniambia nigeuke, utie sahihi yako chini ya yangu."

Bwana Kessel alikohoa. Akasema anakumbuka ana simu ya kupiga.

Brynn alikuwa amesikia. Marlys aliporudi alimkuta amesimama, kikopo mkononi, uso umekuwa mwekundu. "Amekuruhusu. Yule ndiye bosi wako na amekuruhusu."

"Ameniomba. Hakuniruhusu. Anayeruhusu huandika."

"Unataka nirudi Cloquet?"

"Sitaki. Lakini nikigeuka, hicho kikopo ni sawa na maji ya bomba tu. Siku wakisema mkojo haukuwa wako, utawajibu nini?"

"Akina nani?"

"Huwa wapo. Ingia."

Waliingia. Maji ya choo yalitiwa rangi ya buluu ili mtu asichote, na bomba la kunawia lilifungwa kwa ufunguo uliokuwa shingoni kwa Marlys. Saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi na nane. Brynn alikaa, akainamisha kichwa, akasubiri. Hakuna. Dakika kumi na mbili. Marlys alisimama palepale aliposimama siku zote, mkoba tumboni, macho chini kidogo lakini si ukutani.

"Unajua wanavyokuita?" Brynn akauliza.

"Macho."

"Hilo ni la mbele yako. La nyuma yako ni baya zaidi."

"Lipi?"

"Mjane wa Choo."

"Mume wangu hakufa. Alihamia kwa jirani."

"Ndiyo maana. Hata mimi ningehamia. Unasimama hapo kama koti lililosahauliwa kwenye msumari. Unanuka kabichi. Kila mtu ananihurumia, mwalimu wa hesabu amelia, mkuu amekuja mwenyewe, na wewe hapo, umeshikilia kanuni kama mtu ambaye hakuwahi kupewa kitu kingine maishani. Na hizo fomu, nimekuona, unasoma midomo inatembea. Hata kuzisoma huwezi. Mtu asiyejua kusoma ndiye wa kuniambia mimi eti..."

Akanyamaza, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaisikia sauti. Ilianza kidogo, kama mtu anayejaribu bomba la zamani, halafu ikashika kasi.

Marlys alivaa glavu, akapokea kikopo, akakifunika. Joto lilikuwa sawa. Alikiweka mezani, wakasubiri dakika tano zinazotakiwa, mmoja ameegemea mlango, mwingine amekaa kwenye kiti. Mistari mitano ya kipimo ilijitokeza, mmoja kwa kila dawa, yote mitano, na maana yake ilikuwa safi. Akatia sahihi yake, herufi kubwa kubwa, bila haraka.

Brynn alikuwa keshafungua mlango.

"Nawa mikono," Marlys akamwambia, akamfungulia bomba.

Alinawa. Hakushukuru wala hakuomba radhi, na wiki nzima alipita kwenye ukumbi kama hamjui. Lile la midomo kutembea ndilo lililokaa kwa Marlys muda mrefu. Jioni zile, akila wali wa kopo jikoni kwake, alijikuta anasoma maandishi ya kwenye mkebe huku kaifumba midomo kwa nguvu. Ilikuwa kazi. Akaacha.

Jumatatu ya pili kura ikamwangukia Brynn tena. Waliingia, bomba likafungwa, msichana akakaa. Dakika tano zikapita, kumi, kumi na tano. Kikopo kitupu.

"Haya," Marlys akasema.

"Haya nini?"

"Anza."

Brynn aliinua uso. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akaona haya, halafu haya ikaisha. "Leo sina matusi. Nimeamka vizuri."

"Jitahidi. Si nimekatwa nywele juzi?"

Brynn akazitazama nywele kwa makini, kichwa upande, kama fundi anayepewa kazi.

"Nani kakukata?"

"Dada yangu."

"Anakuchukia kwa nini?"

"Hadithi ndefu. Endelea."

Akaendelea.