Anayepima Watoto wa Wenzake

Saa moja asubuhi, mhudumu wa mtelezo wa maji anajilaza chali kwenye mdomo wa bomba la manjano, ghorofa ya kumi na saba ya meli ya watalii, na kujiachia. Wageni bado wamelala. Anakagua kwa mgongo: kiungo chochote kikimkwaruza anakikumbuka, na akiibuka bwawani anamtajia fundi.

Wageni wakishaamka, yeye husimama juu na kubonyeza taa ya kijani kila aliyetangulia anapotoka majini. Ndiyo maana wenzake wanamwita Kijani. Ana miaka thelathini na mmoja, na huu ni mwaka wake wa sita baharini.

Kumfuata humu si mchezo. Kuna mabwawa saba, sinema, uwanja wa barafu, na migahawa isiyohesabika. Mwandishi wa makala haya alipotea mara mbili akitafuta choo. Kijani hakucheka, maana yeye hupotea hata katika siku. Zulia la lifti za wageni limeandikwa jina la siku na hubadilishwa kila alfajiri, lakini wafanyakazi hupanda ngazi za nyuma. Akitaka kujua kama ni Jumanne, humuuliza mfagizi.

Wiki hii swali ni zito zaidi. Mkataba mpya wa miezi tisa unatakiwa ofisini kabla ya Jumamosi. Akisaini, anabaki na dola mia tisa kwa mwezi, zinazolisha nyumba nzima. Asiposaini, anarudi kwa binti yake wa miaka saba anayelelewa na bibi.

Mkanganyiko ulianza na gauni. Juu ya mtelezo kuna ubao wa kupimia urefu, na mtoto asiyefika sentimita mia na ishirini hapandi. Siku moja alipita mtoto mgeni wa miaka saba. Kijani alimsimamisha ubaoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakariri namba, kisha bandarini akanunua gauni la kimo hicho. Lilipofika nyumbani, lilimwishia binti mapajani.

"Napima watoto mia tatu kwa siku," anasema. "Wangu nikampimia kwa mtoto wa watu. Sijui hata nilikuwa nawaza nini."

Akapiga simu kuomba radhi. Bibi alipomwita mjukuu aje aongee na mama, mtoto akashangaa: mama si ndiye huyu aliyeshika simu? Wa ndani ya simu ni shangazi. Bibi alicheka, Kijani naye akacheka. Alipopanda zamu, akabonyeza taa kabla mtu hajatoka bwawani. Hakuna aliyeumia, ila msimamizi alimpumzisha siku nzima, na aibu ile bado inamuuma.

Tangu hapo amesaini mara mbili na kuchana mara mbili. Karani ameapa hatampa karatasi ya nne. Mpishi wa keki anayelala naye chumba kimoja humkumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Kijani hukubali, halafu huuliza aachie ipi.

Juzi alisema atashuka. Ana mpango, ingawa anausema kama mtu anayeuliza.

"Sitagombana na mtoto. Akiniita shangazi, nitaitika. Asubuhi nitamwamsha, nitampeleka shule, jioni anikute. Atabadilisha mwenyewe."

Na asipobadilisha?



"Basi nitakuwa shangazi asiyeondoka."