Mama Mkasi na majani ya kwanza ya kipupwe Mgeta

Ni saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Ukungu bado umeukalia mteremko ulio juu ya kijiji cha Nyandira, na mtu aliye hatua ishirini mbele haonekani, anasikika tu akikohoa.

Eufrazia Kobelo amesimama chini ya mfyulisi, mti wa matunda ya pichi, viatu vyake vya mpira vimelowa umande. Halivuti jani. Anaweka kidole gumba chini ya kikonyo chake na kukiinua taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kidogo sana. Jani linaachia tawi bila ubishi.

Analigeuza. Anausugua mgongo wa jani kwa kidole, kisha anakitazama kidole. Kisafi.

“Hili limekwenda lenyewe,” anasema. “Halikufukuzwa.”

Eufrazia ana umri wa miaka 61. Kazi yake ni kupogoa miti ya matunda, na huku Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, watu wamemzoea kwa jina la Mama Mkasi. Alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mtunza bustani misheni. Mkasi ameushika tangu mwaka 1983. Mti mmoja hulipwa Sh1,500, na msimu ukiwa mzuri hupogoa miti isiyopungua 400.

Mfyulisi si kama miti mingine ya milimani. Mwembe wa kule chini Bigwa, karibu na mjini, hubaki na majani yake mwaka mzima, na mgeni akipanda huku mwezi Julai akakuta shamba la fyulisi limebaki vijiti vitupu, hudhani moto umepita. Wenyeji wanasema miti imelala. Ikilala vizuri, Agosti hufunikwa maua ya rangi ya waridi hata kabla ya jani la kwanza kutoka, na Desemba matunda hupakiwa kwenye ndoo kushushwa Morogoro mjini.

Lakini lazima ilale kwanza, na lazima mkasi usubiri. Mti ukikatwa mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, hushtuka na kutoa maua wakati wa baridi. Ukungu huyala yote.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kuona kipupwe ana heshima yake. Kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa Eufrazia. Akiona mti wa kwanza umelala, hufunga ukanda wa ganda kavu la mgomba kwenye shina lake, mahali panapoonekana kutoka njiani. Watu wakitoka Misa ya Jumapili huutazama. Kuanzia hapo kila mwenye mifyulisi huziba mfereji unaoingia shambani kwake, huacha kupalilia, na husubiri zamu yake ya mkasi. Hakuna barua wala kikao.

Mwaka jana aliufunga ukanda huo tarehe tisa Mei.

“Nilifurahi kama mtoto,” anakumbuka. “Majani yalikuwa ya njano, yanadondoka yenyewe. Nikasema, Mungu ametuhurumia, kipupwe kimewahi, basi na matunda yatawahi sokoni. Sikuuliza mtu. Nimuulize nani? Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa.”

Kwa wiki mbili alipogoa miti 212 katika mashamba kumi na manne. Mvua ikaendelea hadi katikati ya Juni. Miti ikachipua majani na maua kwa pamoja, baridi ikashuka, na maua yakageuka kahawia yakining'inia matawini.

Aliyeumia kuliko wote ni Prisca Mloka, mjane wa miaka 43. Ana mifyulisi 38 iliyopandwa na mama yake, Filomena, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Mwaka juzi alivuna ndoo 60. Mwaka jana, tisa. Ilimbidi awaache watoto wawili kwa bibi yao na kushuka Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, akafanya kibarua cha kupandikiza miche kwa mwezi mmoja na nusu.

“Mimi mtu wa baridi,” anasema Prisca. “Kule jua linakupiga kisogoni na maji yamekufika magotini. Nilirudi nimekonda mpaka mwanangu mdogo akanisalimia shikamoo kwa aibu, kama anasalimia mgeni.”

Eufrazia hakujua kosa lake hadi alipokutana na Hashimu, afisa ugani mwenyeji wa Bigwa. Alimpelekea majani ndani ya daftari la shule, akitaka kuthibitisha kwamba hali ya hewa ndiyo iliyomsaliti. Hashimu aligeuza jani moja, akalisugua kwa kidole, na kidole kikatoka na unga wa kahawia kama ugoro.

“Aliniambia, ‘Mama, hapa msimu haujafika. Hapa kuna ugonjwa. Mti umelitupa jani kwa sababu linaumwa.’ Nilijisikia kama nimevuliwa nguo hadharani. Miaka arobaini nilikuwa nasoma upande mmoja tu wa jani.”

Angeweza kunyamaza. Hali ya hewa haina mdomo wa kujitetea, na watu wengi walikuwa tayari wameilaumu. Badala yake, Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa na kuwaeleza watu kwamba kosa lilikuwa lake.

Walimshukuru kwa kusema ukweli. Kisha wakamwacha. Mwaka huu, kati ya mashamba kumi na manne, matatu tu ndiyo yaliyomwita.

Shamba la Prisca halikuwa miongoni mwa hayo matatu. Aliamua kuing'oa mifyulisi yote na kupanda njegere, ambazo hazimsubirishi mtu hadi Desemba. Alipatana na mtu wa msumeno aje Jumamosi hii. Eufrazia aliposikia, alikwenda kwake mwezi uliopita na ombi moja: aruhusiwe kuitazama miti hiyo kila asubuhi hadi siku hiyo, bure. Kama kipupwe kitakuja kabla ya msumeno, Prisca mwenyewe ataona na ataamua. Kama hakitakuja, hatamsumbua tena. Prisca alikubali, na hilo ndilo shamba aliloamkia Eufrazia asubuhi hii.

Leo ni Jumatano.

Daftari la Eufrazia sasa limejaa. Alimaliza darasa la saba na anasema mwandiko wake ulikuwa umelala kuliko miti, lakini tangu mwaka jana kila wiki hubandika jani moja kwenye ukurasa, huandika tarehe, na chini yake huongeza alichokiona. Ukurasa wa wiki hii una maneno haya: “Mafuta ya kula yameanza kuganda chini ya dumu. Ukungu umekaa hadi saa nne. Watoto wamevaa masweta kwenda shule. Upepo wa kutoka mlimani Lukwangule hauna harufu ya mvua.”

“Zamani nilivijua vyote hivi,” anasema. “Ila nilikuwa navijua kama mtu anavyojua wimbo, naimba bila kusikiliza maneno.”

Anahamia mti wa tano, wa sita. Kidole gumba, kikonyo, mgongo wa jani. Kisafi. Kisafi.

Sauti inatoka kwenye ukungu, upande wa njia.

“Mganga wa majani! Wagonjwa wameamkaje?”

Ni Lukasi, mkulima wa kabichi wa shamba la jirani, rika lake, jembe begani. Naye alipoteza matunda ya miti kumi na miwili mwaka jana.

“Wameamka salama, Lukasi. Wewe je, kile kikohozi?”

“Kikohozi kipo. Mwaka jana ulitufungia ganda la mgomba, tukafunga na midomo mpaka Krismasi. Mwaka huu utatufungia nini?”

“Mwaka huu utaufungua mdomo ili ule fyulisi, kama utakuwa umebakiwa na meno.”

Lukasi anacheka hadi anaegemea jembe. Lakini haondoki. Anatazama majani yaliyolala chini, mengi kuliko ya jana, kisha anaokota moja na kuligeuza, akidhani hakuna anayemwona.

Saa mbili na nusu Prisca anatokea kwenye njia ya juu, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo. Leo sitasema kitu. Leo utasema wewe.”

Anampeleka kwenye mti ulio katikati ya shamba na kumwonyesha namna ya kuweka kidole. Prisca anafanya. Jani linabaki mkononi mwake. Analigeuza, analisugua, anakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

“Hakuna kitu,” anasema.

“Tazama lilipotokea.”

Kwenye tawi kuna kovu dogo, kavu, limejifunga kama kidonda cha siku nyingi.

“Huo mti umefunga mlango wenyewe,” Eufrazia anasema. “Mwaka jana mlango ulivunjwa.”

Prisca anakwenda mti wa pili, wa tatu. Anapima kwa haraka, karibu kwa hasira, kama mtu anayetafuta kosa. Hapati. Anashuka hadi chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, ambako ukungu huondoka mwisho na Eufrazia hajafika bado leo. Huko anasimama.

“Mama Mkasi!”

Kidole chake kina unga wa kahawia.

Lukasi, aliyekuwa bado njiani, anaguna. Eufrazia anashuka polepole kwa magoti yake mabovu. Anageuza majani ya mti huo, kisha ya ule wa jirani yake, kisha ya mingine. Mitano ina unga. Wa sita una majani machache yenye unga na mengi masafi.

Hapa ndipo angeweza kujieleza. Shamba zima limelala, miti michache ya kijitoni si kitu, na siku ya msumeno imekaribia. Anakifuta kidole kwenye nyasi.

“Hii mitano inaumwa,” anasema. “Sitaigusa. Tutakusanya majani yake yote tuyachome, na tutamwita Hashimu atuambie dawa.”

“Na huu wa sita?”

“Huu sijui.”

Prisca anamtazama. “Hujui?”

“Sijui, mwanangu. Nipe wiki moja niutazame. Wiki ijayo pengine nitajua, pengine hata wiki ijayo sitajua.”

Lukasi anaacha njia na kushuka hadi walipo.

“Mwaka jana hukuniambia neno hilo,” Prisca anasema. “Nilikuuliza hapa hapa. Nikasema, mama, mbona mvua bado inanyesha? Ukaniambia, ‘Prisca, wewe lima kabichi, miti niachie mimi.’”

“Nilisema hivyo.”

“Iliniuma kuliko hizo ndoo.”

“Najua. Nisamehe.”

Prisca anatoa simu kwenye fundo la kanga, anatembea hadi kwenye jiwe ambako mtandao unapatikana, na kupiga. Maneno yake yanasikika vipande vipande: Jumamosi, hapana, usije, hapana si bei, nimeghairi. Mtu wa upande wa pili anaonekana kubishana. “Nimeshasema nimeghairi, kaka yangu. Tafuta miti mingine.”

Anarudi akiwa amekunja uso, kana kwamba amekasirishwa na furaha yake mwenyewe.

“Nimekupa miti thelathini na miwili. Sita umesema mwenyewe bado. Na nakwambia mbele ya shahidi,” anamnyooshea Lukasi kidole, “Desemba nisipoona matunda, msumeno nitaushika kwa mkono wangu.”

“Shahidi amesikia,” anasema Lukasi. Kisha anakohoa. “Na hii yangu kumi na miwili, Eufrazia, ukipata nafasi, si lazima leo, pita uitazame. Kutazama tu.”

“Kutazama ni bure. Utanipikia uji.”

“Uji upo.”

Eufrazia hana uhakika na Desemba, na hataki kujifanya anao. Ukame unaweza kuja, mvua ya mawe inaweza kushuka Oktoba. Anachokitaka sasa ni kidogo na kinawezekana: kabla ya kipupwe kijacho, kila shamba kati ya yale kumi na manne liwe na mtu wake mmoja anayejua kugeuza jani. Hashimu ameahidi kuja kuwafundisha mwezi ujao, na hadi sasa wanawake watatu wameandikisha majina.

“Mwaka jana watu kumi na wanne walikosea kwa sababu mimi mmoja nilikosea,” anasema. “Wangekuwepo hata wawili wa kunibishia, tungekula matunda.”

Ukungu umeanza kupasuka. Mteremko wa pili unaonekana sasa, na kwenye mashamba yake mifyulisi imepata rangi ya njano iliyofifia, mmoja hapa, miwili pale, katikati ya kijani cha migomba na mboga. Wiki iliyopita rangi hiyo haikuwepo.

Prisca anafungua kanga moja, anaanza kuzoa majani yaliyoanguka chini ya miti mitano ya kijitoni.

“Tunaanza lini?” anauliza bila kuinua kichwa.

“Jumatatu. Tawi la kwanza utakata wewe.”

“Mimi? Sijawahi kushika mkasi. Nikiharibu?”

“Nitakuwa nimesimama hapo hapo,” anasema Eufrazia, akiinama taratibu kumsaidia. “Utaniuliza, na mimi nitakujibu.”