Chungu Kilichonywewa Kabla ya Neno

Mwanangu, vua hivyo viatu vya mjini ukae hapa karibu na jiko. Ipo Krismasi moja ambayo sijaisahau na sitaisahau, hata nikifika umri wa kusahau jina langu.

Najua umeshaliona lile dumu la njano pale pembeni. Umeingia jana kutoka chuoni Kasulu, na tayari ndugu zako wamekunong'oneza kwamba wageni kutoka Kakonko wameleta pombe ya kukuposa, na kwamba mimi shangazi yako, masenge kama mnavyoniita kwa Kiha chetu, nimekataa kuionja. Wanasema uzee umeniharibu. Waache waseme, mdomo ni mali ya mwenyewe. Baba yako hayupo, Mungu amrehemu, na kiti chake nimekikalia mimi. Kabla sijaushika mrija, nataka usikie kilichonipata mimi hapa hapa Mabamba, katika ua huu huu.

Nilikuwa na umri kama wako. Nisikufiche, nilikuwa na sura. Usicheke! Picha zilikuwa za shida wakati ule, la sivyo ungeona mwenyewe. Basi majirani wawili walikuwa wakinitaka kwa ajili ya vijana wao. Upande wa juu alikaa Mama Kabura, mwanamke mwenye mkono wa kazi na ulimi wa moto. Upande wa chini alikaa Mama Elia, mpole wa kauli lakini mwenye hesabu zake. Wote wawili walinilea. Nimekula kwao, nimelala kwao, na wote niliwaita mama.

Mwaka ule walishindana hadi ikawa kichekesho cha kijiji. Huyu akileta kapu la maharage kwa mama yangu, kesho yake mwenzake analeta kapu na kuku juu yake. Huyu akija kutusaidia palizi, yule anakuja na binti zake watatu. Mama yangu alikuwa akicheka na kusema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kweli tulikula vizuri. Hatukujua kwamba panzi mmoja alikuwa akinoa meno.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa Elia. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki, ila sisi tulidhani tumeyaficha. Tulikutana kisimani, akinitwika ndoo na kunisindikiza mpaka kwenye migomba. Alikuwa na maneno huyo kijana! Alisema siku mtu mwingine akinyoosha mkono kunichukua, yeye atasimama hata mbele ya mkuu wa wilaya. Nikaamini. Kabura kwa upande wake alikuwa kijana wa kimya, tukipishana njiani ananisalimia, anapita.

Hapa kwetu, Krismasi tulikuwa tukiila pamoja. Kila mwaka inaangukia ua mmoja, na majirani wote wanaleta walicho nacho. Mwaka ule iliangukia kwetu. Na mbuzi wa Krismasi alichinjwa na Mzee Hamisi, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa na duka la chumvi na vitenge pale senta, ambaye babu yake alitoka pwani. Hakuna aliyeona ajabu. Akichinja yeye, basi hata yeye na mkewe wanakula nasi, na kule kwenye Idi tunakwenda kula kwao. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Tukatoka kanisani, wali ukapakuliwa, wali wenyewe wa mara moja kwa mwaka. Mara akaja mjomba wake Kabura na vijana wawili wamebeba chungu kikubwa cha pombe ya ndizi, kimefungwa majani ya mgomba shingoni. Akasema, "Krismasi njema, majirani. Dada yangu kawaletea." Watu wakapiga vigelegele. Baba yangu, mwenye mji, akapewa mrija wa kwanza, akavuta. Wakafuata wazee wengine, wakafuata mama zetu, wakafuata vijana. Mama Elia naye akavuta, tena akasifu kwamba imeiva. Elia akavuta. Sisi wasichana tusioolewa hatukunywa mbele ya wazee. Mzee Hamisi na mkewe walikuwa na birika lao la chai, kama siku zote.

Chungu kilipofika nusu, yule mjomba akasimama. Akavaa koti lake vizuri, akakohoa.

"Asanteni, majirani. Mmekunywa na mmefurahi. Sasa neno letu ni hili. Pombe hii ni ya kumwomba binti wa mji huu awe mke wa Kabura wetu. Mwenye mji amekunywa, na ninyi nyote ni mashahidi."

Mwanangu! Mama yangu aliachia sahani ya wali, ikapasuka miguuni pake, wala hakuinama kuiokota. Baba alikuwa bado na mrija mdomoni, macho yamemtoka.

Lazima uelewe mila ilivyokuwa, na kwa sisi wazee bado ipo. Pombe ya posa haiji bubu. Mshenga anasimama, anasema neno lake, anajibiwa, ndipo watu wanakunywa. Na ukishainywa umekuwa shahidi, huwezi tena kufungua mdomo kuipinga. Mama Kabura aliigeuza mila miguu juu, kichwa chini. Alitanguliza kinywaji, akaleta neno nyuma, ili asibaki mtu wa kusema hapana.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Mama Elia. "Yesu wangu! Hata mimi nimekunywa?" Akashika kifua, akakaa chini. Na Kabura mwenyewe alisimama, uso umemwiva, akasema, "Mjomba, unasema nini? Nani alikutuma?" Kumbe hata yeye hakujua. Mama yake akamvuta shati akae.

Mimi nikamtazama Elia. Huyu ndiye wa kusimama mbele ya mkuu wa wilaya. Nikasubiri. Alikuwa ameshika mrija mkononi, anauzungusha vidoleni, macho yapo chini kwenye vumbi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mshenga.

Baba akasema kwa sauti iliyokauka, "Tumekunywa. Nani sasa wa kusema kinyume?"

"Mimi sikunywa."

Watu wote wakageuka. Mzee Hamisi aliweka kikombe chake cha chai chini, akajifuta mikono taratibu. Mzee yule hakuwa na haraka, hata duka likiungua angetafuta kwanza kofia yake.

"Mimi na mke wangu tumekunywa chai," akasema. "Kwa mila yenu, sisi si mashahidi wa jambo hili. Basi, mwenye mji, nina ruhusa ya kusema au sina?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Yupo mwingine pia ambaye hakunywa, na hakuna aliyemtazama. Binti, mwanangu, njoo hapa mbele. Umesikia neno la mshenga. Wewe unasemaje?"

Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuulizwa kitu mbele ya wanaume. Nikamtazama Elia mara ya mwisho, hakuinua kichwa. Nikasema, "Oya." Hapana. Neno dogo hilo lilitoka likitetemeka, lakini watu wa nyuma kabisa walilisikia.

Mama Kabura akaruka. "Na pombe yetu? Na aibu yetu? Imeshanywewa hiyo!"

Hapo ndipo Mzee Hamisi alipomkemea, na ndiyo kauli niliyokuitia hapa. Alimwambia bila kupaza sauti, "Mama Kabura, mbuzi huyu tunayemla nimemchinja mimi, nawe umeniona. Jina la Mungu nimelitaja kabla ya kisu. Ningechinja kwanza nikalitaja baadaye, nisingemla mimi, wala mke wangu. Mbuzi ni yule yule, kisu ni kile kile, lakini neno limechelewa. Wewe umenywesha watu kwanza, ukaleta neno baadaye. Sasa unataka tuile posa hii kwa jina la nani?"

Mama Kabura alirudi akaketi. Nilimwona akitazama mikono yake kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Siku ile nilimchukia, nisiseme uongo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameogopa tu, aliogopa kushindwa na mwenzake na kuchekwa kisimani.

Baba akapata nguvu. Akasema, "Pombe iliyo tumboni hairudi, lakini chungu kinarudi. Tutakirudisha kimejaa." Maana ndivyo posa inavyofunguliwa, pombe inarudi kwa mwenyewe kama ilivyokuja. Kila aliyekunywa akatakiwa kuleta ndizi za kuivishwa na kukamuliwa pombe. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kuingia ua huu na mkungu begani? Kabura. Aliutua mbele ya baba, akasema, "Mzee, mke wa kunaswa simtaki. Nisamehe." Mimi nilikuwa mlangoni, nikabaki mdomo wazi.

Usinitazame hivyo, najua unachosubiri. Unasubiri niseme niliolewa na Kabura. Hapana! Kabura alioa Munanila, akapata watoto wengi, na mpaka leo tukikutana ananisalimia na kupita, isipokuwa sasa anatabasamu. Mimi nilikuja kuolewa na marehemu mume wangu, mtu wa Kasulu, aliyeniuliza mwenyewe sokoni, jua kali, mikono yake imejaa vitunguu, kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote.

Na Elia? Alinisubiri kisimani baada ya siku kadhaa. Akasema, "Ningesemaje mimi, na nilikuwa nimeshakunywa?" Nikamjibu, "Elia, ulikunywa pombe, hukumeza ulimi." Nikajitwika ndoo mwenyewe. Nililia njia nzima, maji yananimwagikia mgongoni, na kila nikikumbuka uso wake ukitazama vumbi nashtuka upya, mpaka leo na mvi hizi. Kijana aliyeweza kusema maneno yote yale kwenye migomba, alikosa moja tu mbele za watu.

Chungu kilirudishwa karibu na mwaka mpya, majirani wote tukikisindikiza. Mama Kabura alikaa ndani kwanza. Kisha akafungua mlango, akakishika kwa mikono miwili, akatuambia tusiondoke, tuinywe pombe naye. Krismasi iliyofuata iliangukia kwake. Mzee Hamisi alichinja, na Mama Elia alipika wali.

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Usile wala usinywe cha mtu kabla hujasikia neno lake, kwani kitamu kinachokuja bubu kina bei yake. Ukimpenda mtu, usipime maneno yake mkiwa wawili. Mtazame siku watu wamejaa uani. Ukishindana na jirani, shindana kwa jembe na wema, usishindane kwa mtoto wa mtu. Na ukiulizwa, jibu. Sauti yako ikitetemeka si kitu, yangu nayo ilitetemeka.

Watu wa Kakonko ni waungwana, sisemi vibaya. Mshenga wao alishuka kwenye bodaboda, akasimama vizuri, akasema neno lake kabla ya kufungua dumu, mila yote ikatimia. Kijana wao nasikia mnafahamiana, na kwamba kuna mwingine naye anakupigia simu kila jioni. Hayo ni yako. Lakini katika wote waliosema juzi hapa uani, na walisema mpaka wakachoka, hakuna hata mmoja aliyesema uulizwe wewe. Ndiyo maana dumu limekaa tangu juzi, pombe inazidi kuwa kali, na wajomba zako wana kiu wanaponiona napita.

Mungu akupe mji wenye moto usiozimika na majirani wanaobisha hodi. Akupe mtu ambaye ulimi wake haupotei mbele za watu. Akupe watoto watakaoulizwa kabla ya kugawiwa, na uzee wa kucheka kama wangu. Amina.

Haya, mwanangu. Mrija huu hapa mkononi mwangu, na mimi bado sijanywa. Wewe unasemaje?