Zamu ya Nzigire

Wako wanaosema hapa Newburg, mtaa wetu wa ugenini, kwamba Nzigire ana kiburi. Wote wanaosema hivyo walikula kabichi za miche yake, na mimi nilikula.

Ni mjane kutoka Walungu kule Kivu, mwembamba, mkali wa maneno. Kazini anaosha wazee huku akifokewa na watu wenye umri wa binti zake. Mwaka 2015 alikuwa na shamba dogo nyuma ya kanisa, na kwake hilo ndilo lilikuwa nyumbani. "Huku hakuna mutu wa kuniambia fanya haraka," aliniambia.

Tulikuwa wanawake wanne wenye mashamba pale: yeye, Cibalonza, Précieuse na mimi, Josiane. Tulilima kwa likilimba kama kwetu Kivu: Jumamosi hii wote kwako, ijayo wote kwangu. Mwezi wa sita Nzigire aliotesha mbegu za kabichi kwenye makopo ya majarini, barazani kwake, akayatandia kitenge kuukuu kuzuia jua. Alimwagilia kwa kikombe kabla ya kazi na baada ya kazi. Miche ikatutosha wote. Akatugawia, akainama katika mashamba yetu matatu, akishindilia udongo kwenye kila shina kwa vidole vyake. Zamu yake ikawa ya mwisho.

Langoni msimamizi wa mashamba alibandika tangazo: shamba litakalokuwa tupu Jumatatu tarehe kumi Agosti litapewa mtu mwingine.

Jumamosi ya zamu yake, ghala la Jeffersontown tulikofanya kazi sisi watatu likatangaza overtaimu ya lazima. Nikampigia simu.

"Banatulazimisha, dada. Tutakuya juma ingine."

"Bon. Nitabangojea."

Précieuse alimshauri apandikize mwenyewe jioni, kidogo kidogo. Nzigire akawaka. "Nipande peke yangu juu ya nini? Siko na batu? Kidole kimoja haiue chawa!" Kwetu, anayepanda peke yake zamu yake ikiwa imefika anatangaza kwamba wenzake wamemtupa. Nzigire hakutaka kututangaza hivyo. Miche ikabaki kwenye makopo, ikirefuka ovyo, majani ya chini yakigeuka njano.

Jumamosi ya pili tuliitwa tena. Lakini malori hayakufika, na saa nne asubuhi wakaturudisha nyumbani. Mungu anisamehe, tulikuwa na siku nzima. Ndani ya gari la Cibalonza hakuna aliyemtaja Nzigire. Kabichi zetu zilikuwa zimeshika udongo, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nilikwenda kulala. Aliponipigia jioni, nikamwambia ndiyo kwanza tunatoka kazini.

"Poleni na kazi," akasema.

Jumatatu shamba lake likapewa mama mmoja Mburundi aliyekuwa akingoja kwenye orodha. Simlaumu mama huyo. Sisi tulifika Jumamosi iliyofuata na majembe begani, tukamkuta Nzigire langoni na makopo yake. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Hii miche iko na uzima bado," akasema. "Muipande fasi kwenye yenu ilikufa."

Akatuelekeza tuifukie hadi kwenye majani ya kwanza, kwa kuwa shina lilikuwa limerefuka mno. Kisha akaenda kungoja basi.

Mwezi wa kumi kabichi zangu zilifunga ngumu, nzito, nzuri kuliko za dukani. Nikachagua mbili kubwa, nikampelekea. Alizipokea kwa mikono miwili kama desturi, akaziweka chini kando ya mlango. Hakunikaribisha ndani. Nikaanza kumweleza habari za ghala, jinsi walivyotuzuia kazini Jumamosi ile mpaka jioni. Akaniacha nimalize.

"Josiane, ile siku nilikuwa mu shamba tangu asubui," akasema. "Saa ine na nusu niliona motokari ya Cibalonza inapita. Nikabapungia mukono. Nilizani munaenda kuchukua majembe, nikaanza kumwangia miche maji."