Kipande cha Tangawizi Ndani ya Spika

Jana, kwa fundi redio hapa Same mjini, moshi wa lehemu ulinipiga puani, nikamkumbuka baba.

Kule kwetu Mamba, baba ndiye aliyeipigia kwaya gitaa, na amplifaya ya kanisa ilikaa nyumbani, imelazwa chali, spika yake ikitazama juu bila wavu. Siku moja mvua ilinikuta nimeanika tangawizi niliyoimenya. Nikakimbiza ungo ndani, nikautua juu ya spika. Kipande kimoja kikaanguka kwenye karatasi yake, ile inayotetemeka kutoa sauti. Nilipokichokonoa, karatasi ikachanika, kikadumbukia ndani.

Jumapili gitaa likakoroma. Watu wakacheka; baba akainamisha kichwa.

Kesho yake alileta spika mpya. Nilisimama mlangoni, mkojo umenibana, huku akifungua skrubu moja baada ya nyingine. Spika ya zamani ilipotoka, kipande kikadondoka sakafuni.

“Panya hao,” mama akasema upesi.

“Panya anayejua kumenya tangawizi?” baba akauliza.

Akaniangalia. Kisha akainama, akalehemu waya, akajaribu uzi mmoja wa gitaa. Ukalia safi.

Jioni ile nilimngoja aniulize. Kesho yake nikamngoja. Hadi tunamzika hakuniuliza, nami bado namngoja.